Nadharia ya habari, misimbo au kriptografia: uchukue yuniti ipi mwaka wa nne?

Binamu yangu anasoma hisabati katika chuo kimoja hapa Nairobi, mwaka wa nne. Jumatano usiku alinitumia picha ya fomu ya yuniti za hiari na swali moja: "Dada, kati ya hizi tatu nichukue ipi? Mwisho wa kujaza ni Ijumaa." Tatu zenyewe ni nadharia ya habari, misimbo ya kusahihisha makosa, na kriptografia. Jibu nililoanza kumwandikia likarefuka, na kwa kuwa kila mwaka kuna mwanafunzi anayeniuliza swali hilohilo, nimeona niliandike lote kwa utulivu.

Nilizisoma zote tatu, ila kwa mpangilio mbaya, na mpangilio huo ulinigharimu. Siku hizi ninafanya kazi na timu inayoandika programu za malipo, na Jumamosi ninakaa na wanafunzi wachache kujiandaa kwa mitihani. Kwa hiyo ninaziona pande mbili: zinavyofundishwa na zinavyotumika.

Zinachanganywa kwa sababu zilizaliwa nyumba moja. Claude Shannon, akiwa maabara ya Bell kule Marekani, alichapisha mwaka wa 1948 makala iliyoanzisha nadharia ya habari. Mwaka wa 1949 akachapisha nyingine kuhusu mawasiliano ya siri, ikaipa kriptografia msingi wa kihisabati. Mwenzake wa maabara hiyohiyo, Richard Hamming, akatoa mwaka wa 1950 makala ya misimbo inayojisahihisha. Ni dada watatu wa tumbo moja. Lakini kuishi na mmoja si sawa na kuishi na mwingine, na njia ya haraka ya kuwatofautisha ni kuuliza: hapa ninapambana na nani? Katika nadharia ya habari hupambani na mtu yeyote, unatafuta mpaka ambao hakuna fundi atakayeuvuka. Katika misimbo unapambana na kelele, ambayo ni kipofu, haikuchukii wala haikujui. Katika kriptografia unapambana na mtu mwenye akili kama zako, anayesoma kila unachokisoma na ambaye usiku hakulala akifikiria jinsi ya kukushinda.

Nadharia ya habari

Yuniti hii inapima. Ujumbe una habari kiasi gani, na njia fulani inaweza kupitisha habari kiasi gani? Kipimo ni biti. Ukirusha sarafu isiyo na upendeleo, matokeo yake yana biti moja. Nikikuambia jambo ambalo ulikuwa na uhakika nalo tayari, sijakupa kitu: biti sifuri.

Chukua Kiswahili chetu. Ukiacha q na x, tuna herufi 24. Kama kila moja ingekuwa na nafasi sawa ya kutokea, kila herufi ingebeba takriban biti 4.58. Lakini andika "mw" kisha inua kalamu. Kinachofuata ni irabu, kwa hiyo uchaguzi wa herufi 24 umeshuka hadi 5 kabla hata hujajua neno ni lipi, na kipimo hakiwezi kuzidi biti 2.33. Sasa soma sentensi hii: "Vitabu vile viwili vizuri vimepotea." Vi- imetokea mara tano. Mtu akikuambia hivyo ndani ya matatu ya Thika Road, muziki umepanda juu na konda anaita abiria, hata vi- mbili zikimezwa bado utajua kilichopotea ni vitabu wala si kitabu. Upatanisho wa ngeli, ule uliotutesa shule ya msingi, ni ziada iliyowekwa ndani ya lugha, na ziada hiyo inapimika. Kubana faili ni kuiondoa ziada. Kujikinga na kelele ni kuirudisha, safari hii kwa hesabu. Nilipoelewa hilo nilifunga daftari nikatembea kutoka maktaba hadi kituo cha basi bila kuona njia.

Kilele cha yuniti ni uthibitisho wa Shannon kwamba kila njia ya mawasiliano ina uwezo wake. Ukituma chini ya uwezo huo unaweza kupunguza makosa kadiri upendavyo, ukizidisha, haiwezekani. Na hapa ndipo watu hugawanyika. Shannon alithibitisha kwamba msimbo mzuri upo, lakini hakukuonyesha jinsi ya kuujenga. Kuna mwanafunzi anayeona uzuri wa ajabu katika uthibitisho wa namna hiyo, na kuna anayeuliza kwa hasira: sasa uko wapi? Ukiwa wa kwanza, yuniti hii ni yako. Ukiwa wa pili, sogea mlango wa pili.

Mahitaji yake ni hesabu za uwezekano, nazo ziwe imara kweli. Aljebra ni kidogo. Kazi nyingi ni kuthibitisha kwamba kiasi hiki hakiwezi kuzidi kile, ukurasa baada ya ukurasa. Lakini ina zawadi za mapema pia: ndani ya wiki chache unajifunza kubana maandishi kwa njia ya David Huffman. Yeye mwenyewe aliigundua akiwa mwanafunzi MIT mwaka wa 1951, mhadhiri wake alipowapa chaguo la kuandika insha ya utafiti badala ya kufanya mtihani. Ikachapishwa mwaka wa 1952 na mpaka leo imo ndani ya picha za JPEG na faili za ZIP.

Kikazi, usitarajie tangazo lenye jina la yuniti hii. Lakini ukielekea kwenye ujifunzaji wa mashine, utakutana na entropia, yaani kile kipimo cha habari kwa biti, kila kona: mifumo mingi ya kubashiri hufunzwa kwa kupunguza kipimo kilichotoka humu moja kwa moja.

Misimbo ya kusahihisha makosa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiyo yuniti ambayo wanafunzi huiruka kwa kuwa jina lake halivutii.

Anza na jambo la kila siku. Namba ya simu haina tarakimu ya ukaguzi. Ukikosea tarakimu moja unapotuma M-Pesa, namba uliyoandika inaweza kuwa ya mtu mwingine halali kabisa, na kinga pekee ni kusoma jina kabla ya kukubali. Namba ya kadi ya benki ni tofauti: tarakimu yake ya mwisho inapatikana kwa kukokotoa zile zilizotangulia, kwa njia iliyobuniwa na Hans Peter Luhn wa IBM. Ukikosea tarakimu moja yoyote, hesabu haikubali na programu inakukatalia hapohapo. Huko ni kugundua kosa. Hamming alitaka zaidi. Kazi zake zilikuwa zikiendeshwa na kompyuta mwishoni mwa juma wakati hakuna mtu wa kuisimamia. Mashine ikigundua kosa ilikuwa ikiiacha kazi yake na kuingia nyingine, naye Jumatatu anakuta hakuna jibu. Akajiuliza: ikiwa mashine inaweza kujua kwamba kuna kosa, mbona isijue liko wapi, ilirekebishe?

Chukua karatasi uchore visanduku saba, uvipe namba 1 hadi 7. Tunataka kutuma biti nne, yaani tarakimu nne za 0 au 1: 1, 0, 1, 1. Ziweke kwenye visanduku 3, 5, 6 na 7. Visanduku 1, 2 na 4 ni vya ukaguzi. Kisanduku 1 kinalinda 3, 5 na 7, na kazi yake ni kuhakikisha idadi ya moja katika kundi hilo, pamoja na chenyewe, ni shufwa. Kisanduku 2 kinalinda 3, 6 na 7. Kisanduku 4 kinalinda 5, 6 na 7. Ukijaza utapata 0110011. Sasa kelele igeuze kisanduku cha 5, mpokeaji apate 0110111. Anakagua kundi la 1: kuna moja tatu, ni witiri, limeharibika. Kundi la 2: kuna moja nne, ni sawa. Kundi la 4: kuna moja tatu, limeharibika. Yaliyoharibika ni la 1 na la 4. Jumlisha: 5. Msimbo umekutajia kisanduku chenye kosa. Kigeuze, ujumbe umerudi mzima.

Kila mwaka ninawafanyia wanafunzi zoezi hili na kila mwaka kuna mmoja anayenyamaza, kisha anasema, "Rudia, tafadhali." Ukiwa wewe ndiye huyo, usiendelee kusoma ulinganisho huu, jaza fomu.

Baada ya Hamming, yuniti inapanda mlima wa aljebra. Utatumia matriksi, kisha polinomia, kisha fildi zenye kikomo, yaani seti ndogo za namba ambamo unajumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawa bila kutoka nje ya seti. Juu ya mlima huo kuna misimbo ya Reed na Solomon ya mwaka wa 1960. Ndiyo iliyowezesha sidii zenye mikwaruzo kucheza, na ndiyo iliyo ndani ya misimbo ya QR. Kwenye daraja la juu la ulinzi, msimbo wa QR unasomeka hata takriban asilimia 30 yake ikiharibika, ndiyo maana risiti iliyokunjwa mfukoni mpaka ikachanika pembeni bado inasomwa na simu.

Kuna jambo moja la kumuuliza mhadhiri kabla ya kujiandikisha. Misimbo ina nusu mbili. Nusu ya aljebra ndiyo hiyo niliyoieleza. Nusu ya pili ni ya grafu, yaani vitone vilivyounganishwa kwa mistari, na uwezekano: misimbo ya LDPC ambayo Robert Gallager aliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikasahaulika kwa miongo mitatu kwa kuwa kompyuta za wakati huo hazikuimudu, misimbo ya turbo ya mwaka wa 1993, na ile ya polar ya Erdal Arıkan iliyochapishwa mwaka wa 2009. Mtandao wa 5G hutumia LDPC kwa data na polar kwa ishara za udhibiti. Idara za hisabati kwa kawaida hufundisha nusu ya kwanza, na uhandisi wa mawasiliano huegemea ya pili. Ukitaka kazi ya mitambo ya simu na ukaingia nusu ya kwanza peke yake, utatoka na aljebra safi lakini hujawahi kuona grafu moja.

Mtihani wake ni wa haki. Maswali mengi ni ya kukokotoa kwa mkono, marefu, yanayochosha, lakini aliyefanya mazoezi anapata alama. Kwa mwanafunzi anayehitaji kuinua wastani wake mwaka wa mwisho, hilo si jambo dogo.

Kriptografia

Hii ndiyo inayojaza ukumbi. Jina lake linavutia, na Nairobi ni mji ambao pesa zake nyingi hupita kwenye simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 nayo inataja usimbaji fiche miongoni mwa hatua za kulinda taarifa za watu. Lakini wengi huingia wakidhani ni hesabu za namba kubwa. Hesabu ni nusu ya chini tu.

Tazama mfano mdogo wa RSA, mfumo uliobuniwa mwaka wa 1977 na Rivest, Shamir na Adleman. Chukua namba tasa 3 na 11, zidisha upate 33. Ufunguo wa umma ni 33 pamoja na 3. Ufunguo wa siri ni 7. Kuficha ujumbe, uzidishe wenyewe kwa wenyewe mpaka ziwe tatu, ugawe kwa 33, uchukue baki. Ujumbe 4 unakuwa 64, baki yake ni 31. Mpokeaji anaizidisha 31 yenyewe kwa yenyewe mpaka ziwe saba, anachukua baki kwa 33, anapata 4 tena. Inapendeza, na ukitumia namba tasa zenye mamia ya tarakimu hakuna anayejua njia ya kuzitenganisha kwa kompyuta za leo.

Sasa tuseme wanachama wa chama cha akiba wanapiga kura kwa njia hii: 4 ni ndiyo, 5 ni hapana. Ndiyo inatoka 31. Hapana ni 125, baki yake 26. Adui hahitaji kutenganisha namba yoyote. Ufunguo wa umma uko hadharani, kwa hiyo anaficha "ndiyo" na "hapana" yeye mwenyewe, anapata 31 na 26, kisha anaangalia kila kura inayopita. Namba tasa ziwe kubwa kama Mlima Kenya, kura zote ziko wazi. Ndiyo sababu mifumo halisi huchanganya ujumbe na namba za nasibu, mpya kila mara, kabla ya kuuficha.

Kriptografia yenyewe ndiyo hiyo. Inakuuliza: adui anaruhusiwa kuona nini? Anaweza kuomba nini afichiwe? Kushinda kwake tutakuita nini? Kisha inakutaka uthibitishe kwamba anayeuvunja mfumo wako angekuwa ametatua tatizo ambalo wanahisabati wote wamelishindwa. Auguste Kerckhoffs alishauri tangu mwaka wa 1883 kwamba mfumo ubaki salama hata adui akiujua wote isipokuwa ufunguo. Anayependa kufikiri hivyo, anayeona mlango na kuanza kujiuliza bawaba zake zimefungwa na nini, atafurahia kila wiki. Asiyependa ataikariri RSA na kutoka mikono mitupu.

Mahitaji: nadharia ya namba, aljebra dhahania, na uwezekano kiasi. Hapa ndipo nilipokosea mimi. Niliichukua kwanza, kabla ya nadharia ya namba, kwa sababu ya jina na kwa sababu marafiki walikuwa humo. Tulipofika mikunjo ya eliptiki, aina ya mikunjo ya aljebra inayotumiwa kutengeneza funguo, nilikuwa nikinakili tu kutoka ubaoni. Nilipita mtihani, lakini nilielewa kilichokuwa kikifundishwa muhula uliofuata, katika darasa la misimbo, nilipokaa na fildi zenye kikomo mpaka zikanizoea. Somo nililoliona la pembeni ndilo lililonifungulia nililokuwa nalililia.

Na tafadhali usichanganye kriptografia na usalama wa mtandao. Kazi nyingi za usalama katika benki za Upper Hill na kampuni za Westlands ni za kusimamia mifumo: kukagua mianya, kusoma kumbukumbu za seva, kupanga nani aingie wapi. Ni kazi nzuri, ila hutaulizwa uthibitisho wowote wa namba tasa. Ukiitaka hiyo, tafuta yuniti ya mitandao na mifumo ya uendeshaji. Kinachosaidia kutoka kriptografia ni nidhamu: kazini kwetu kosa tunaloogopa zaidi si kwamba AES, mfumo wa kuficha data unaotumika sana, itavunjwa, ni kwamba mtu ataweka ufunguo ndani ya programu au atatumia namba ileile mara mbili mahali panapotaka namba mpya kila mara.

Basi uchukue ipi

Ukiweza moja tu na wewe ni wa hisabati, chukua misimbo. Ninajua si jibu linalotarajiwa. Lakini ndiyo yenye deni dogo la mahitaji, inakupa aljebra unayoishika kwa mikono, na milango yake inaelekea pande zote mbili. Tena sasa kuna sababu mpya. Tangu mwaka wa 1994 Peter Shor alipoonyesha kwamba kompyuta ya kwantamu yenye nguvu ya kutosha ingeivunja RSA, wanakriptografia wamekuwa wakitafuta misingi mingine, na mmojawapo ni misimbo yenyewe: Robert McEliece alipendekeza mfumo wa namna hiyo tangu mwaka wa 1978. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilitoa viwango vyake vya kwanza vya kizazi hicho kipya Agosti 2024, na Machi 2025 ikachagua HQC, mfumo uliojengwa juu ya misimbo, uongezwe kama akiba.

Ukiwa wa uhandisi wa umeme au mawasiliano, anza na nadharia ya habari. Bila hiyo nusu ya pili ya misimbo itakuwa mapishi bila maelezo. Vivyo hivyo ukiwa unaelekea sayansi ya data. Ukiwa wa kompyuta na umeshafanya nadharia ya namba, nenda kriptografia moja kwa moja, lakini uliza kama kuna kazi za kuandika programu. Yuniti ya kriptografia isiyokupa hata jioni moja ya kuvunja mfumo dhaifu kwa Python imekunyima nusu ya elimu yake.

Kuhusu idara, kwa wale ambao bado wako kidato cha nne wakisoma haya: digrii ya uhandisi hapa Kenya ni miaka mitano, ya hisabati au kompyuta ni minne. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi hisabati iko Chiromo na uhandisi wa umeme uko kampasi kuu, kwa hiyo hata ndani ya chuo kimoja wanaosoma mambo haya wanaweza kukaa miaka bila kujuana. Popote uendako, iwe Strathmore kule Madaraka au Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya kule barabara ya Haile Selassie, omba orodha ya yuniti za mwaka wa tatu na wa nne, uulize ni zipi hasa zilifundishwa mwaka uliopita. Yuniti ya hiari iliyoandikwa kwenye orodha huweza kukosa mwalimu au kukosa wanafunzi wa kutosha, ikaachwa.

Binamu yangu alinipigia Alhamisi saa mbili usiku. Aljebra dhahania ameshafanya, nadharia ya namba bado, anaifanya muhula huu. Amejaza misimbo sasa na kriptografia muhula wa pili. Jumamosi anakuja nyumbani South B na karatasi ya visanduku saba. Amedai kwamba amepata njia ya kugeuza biti mbili ili msimbo wa Hamming umtajie kisanduku ambacho hakina kosa kabisa. Yuko sahihi, na nimemwambia alete pia kisanduku cha nane, cha kukagua vyote saba kwa pamoja.